Kulinda Miche Dhidi ya Kinyausi kwa Dawa za Mimea

Mbegu ya nyanya ikishapasua udongo na kufungua majani yake mawili ya kwanza, huwa na wiki mbili hivi za hatari mbele yake. Shina bado ni laini, limejaa maji, halijakomaa. Hapo ndipo hupiga kinyausi, ugonjwa wa vimelea vya udongo unaoozesha shina la mche. Jioni unaacha trei ya kijani, asubuhi unakuta miche imelala kwa duara, majani yake bado mabichi, lakini shina pale linapogusana na udongo limesinyaa likawa jembamba kama uzi. Mche uliolala hivyo hauinuki tena, uumwagie dawa ya duka au ya majani. Kwa hiyo maelezo haya yote yanahusu mbegu ambayo bado haijasiwa na miche ambayo bado imesimama. Kazi ya dawa za mimea ni kukinga, na zinakinga vizuri pale tu kitalu chenyewe kimewekwa sawa.

Dar es Salaam ina joto la nyuzi 25 hadi 32 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, udongo haukauki. Vimelea vya kinyausi havina haja ya zaidi ya hapo. Anayesia mchicha bonde la Msimbazi, nyanya chungu Chanika, hoho Bunju au mipapai Kigamboni anapambana na adui yule yule, na kama ametumia mbegu chotara zinazouzwa kwa kuhesabiwa, kila mche unaolala ni fedha inayozama.

Adui huyo ana sura kadhaa. Wakuu ni Pythium, Rhizoctonia na Fusarium. Pythium tunamwita ukungu kwa mazoea, lakini kwa asili yuko karibu zaidi na mwani, na vijimbegu vyake vina mikia vinayoogelea nayo kwenye maji yaliyo kati ya chembe za udongo. Ndiyo maana humfuata anayemwagilia kupita kiasi. Na kwa kuwa si ukungu halisi, kabendazimu, dawa ya ukungu ambayo watu wengi huikimbilia dukani, haimfanyi lolote.

Hakikisha kwanza ni kinyausi

Kabla ya kutwanga chochote, piga magoti kwenye tuta ung'oe mche mmoja ulioanza kunyong'onyea, si ule uliokwisha kufa. Uoshe mizizi yake taratibu kwenye bakuli la maji. Shika ncha ya mzizi kwa vidole viwili uvute kidogo. Kama ngozi ya nje inateleza na kuvuka kama soksi, ukabaki na uzi mweupe wa katikati, huyo ni Pythium, na shina lake utalikuta limelainika na kulowa. Rhizoctonia huacha kidonda kikavu cha rangi ya kahawia iliyoingia wekundu, kimebonyea, juu kidogo ya udongo au usawa wake. Kwenye kabichi, mche wenye kidonda hicho huweza kubaki umesimama huku shina limekakamaa kama waya, kisha ukadumaa moja kwa moja.

Kuna vitu vitatu vinavyofanana na kinyausi na kupoteza watu. Cha kwanza ni sota, kiwavi wa udongoni: yeye hukata shina usiku, na mahali alipokata panaonekana kama pamepitishwa wembe. Fukua udongo sentimita mbili tatu pembeni ya mche utamkuta amejikunja. Cha pili ni jua. Mchanga wetu wa pwani na trei nyeusi vikipigwa na jua la saa sita mchana bila kivuli huchoma shina usawa wa udongo, likawa jeupe na kusinyaa. Miche ya hivyo huanguka iliyo upande wa jua, bila kufuata duara. Cha tatu ni chumvi ya visima, hasa Kigamboni na maeneo mengine ya karibu na bahari. Kingo za majani huungua kwanza, shina likiwa zima. Hakuna dawa ya mmea inayotibu lolote kati ya hayo matatu.

Kitalu kabla ya dawa

Tutasema machache hapa, ila yana uzito kuliko mapishi yote yanayofuata. Inua tuta sentimita 15 hadi 20, upana usizidi mita moja ili usilazimike kulikanyaga. Sia kwa mistari yenye nafasi ya sentimita 10, kina kisichozidi sentimita moja, na usimwage mbegu kama unayelisha kuku. Miche iliyosongamana haipitishi upepo, na ugonjwa hutembea kutoka shina hadi shina. Mwagilia asubuhi, udongo wa juu ukauke kabla ya jioni. Usitumie samadi mbichi wala maji ya mtoni yanayopita katikati ya makazi. Makumbi ya nazi ni mazuri sana kwa trei, lakini mengi yameloekwa kwenye maji ya chumvi. Yaoshe kwa maji baridi mara tatu au nne, ukikamua kila mara, kabla ya kuyachanganya na mboji iliyoiva.

Mwenye nafasi ya kungoja alifunike tuta lililoloweshwa kwa nailoni angavu wakati wa jua kali la Januari na Februari, wiki nne hadi sita, kingo zizikwe kwenye udongo. Joto linalojifungia humo huua vimelea vingi vya sentimita za juu. Nailoni nyeusi haipitishi mwanga wa kutosha kwa kazi hii.

Mlonge: dawa ya udongo

Kama ingebidi tuchague mmea mmoja kwa ajili ya kitalu cha pwani, tungechagua mlonge. Upo kwenye nyua nyingi za mji huu, unachipua haraka ukikatwa, na majani yake yana viambata vya jamii ile ile inayoipa haradali ukali wake. Jani likipondwa, kimeng'enya kilicho ndani yake hukutana na viambata hivyo, na hapo ndipo hutoka ule ukali unaovichoma vimelea. Jani zima lisilopondwa halitoi kitu cha maana. Kwa hiyo mlonge wa kutupia tu juu ya tuta ni matandazo, haujawa dawa.

Chukua kilo moja ya majani mabichi, pamoja na vijiti vyake laini, kwa kila mita moja ya mraba ya tuta. Yatwange kwenye kinu au yakatekate vipande vidogo sana, uyachanganye papo hapo na udongo wa juu hadi kina cha sentimita 10. Usiyaache yakakaa saa nzima juani baada ya kuyatwanga. Mwagilia tuta lilowe vizuri, kisha lifunike kwa nailoni au magunia mabichi ili ule ukali usipotee hewani. Fungua baada ya siku 10, chimbua kidogo kupitisha hewa, ungoje siku nyingine 5 hadi 7 ndipo usie. Aliyekosa mlonge anaweza kutumia majani ya nje ya kabichi au figiri yanayotupwa sokoni, kwa kipimo cha kilo tatu hivi, kwa kuwa nayo yana viambata vya aina hiyo. Ayachague yasiyooza.

Kosa kubwa la wengi ni kutongoja. Majani mabichi yaliyozikwa ni chakula, na Pythium ni mwepesi kufika mezani. Siku za kwanza baada ya kuchanganya majani idadi yake hupanda, kisha hushuka kadiri majani yanavyooza na viumbe vingine vya udongo vinavyoshika nafasi. Anayesia siku ya tatu huona kinyausi kibaya kuliko cha jirani asiyeweka chochote, akasema mlonge haufai. Tuta likiwa tayari halinuki uchachu, na ukichota udongo huoni jani la kijani. Ukiwa na shaka, sia punje 20 za mchicha kwenye kona moja. Mchicha huota kati ya siku 3 na 5, na ukiota vizuri nawe sia.

Kwa trei, ambako huwezi kuzika majani, twanga gramu 100 za majani mabichi, tia kwenye lita moja ya maji, koroga, acha dakika 30, chuja na utumie siku hiyo hiyo. Kuna maji ya mlonge yanayopuliziwa kukuza mimea, ambayo huzimuliwa hadi mara 30. Hayo ni ya kukuza, na mtu asitegemee yazuie ugonjwa.

Kitunguu saumu: dawa ya kumwagia

Nguvu ya kitunguu saumu inatoka kwenye alisini, kiambata kinachokipa ukali wake, na alisini haimo ndani ya punje nzima. Huzaliwa punje inapopondwa, kwa kimeng'enya ambacho hufa kwa moto. Hapa ndipo mapishi mengi yanapoharibikia: mtu anachemsha vitunguu "ili dawa itoke", anamwagia kitalu supu yenye harufu nzuri isiyo na nguvu.

Pima gramu 50 za punje zilizomenywa. Kama huna mizani, ni kama punje 12 hadi 15 za wastani. Chagua ngumu, zisizo na ukungu wala chipukizi. Ziponde kwenye kinu hadi ziwe uji usio na vipande, uache uji huo dakika 10. Kisha ongeza lita moja ya maji ya baridi, koroga, funika, acha nusu saa. Chuja kwanza kwa kifumbu cha tui, halafu pitisha tena kwenye kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara mbili. Machicha yasifike kwenye kitalu, maana yakibaki juu ya udongo huota ukungu wenyewe, na yakibaki kwenye bomba huziba pua yake.

Maji hayo ya nguvu kamili yamwagie udongo wa trei au tuta siku mbili kabla ya kusia: nusu lita kwa trei ya mashimo 128, lita mbili kwa mita ya mraba. Miche ikishatokeza, yazimue nusu kwa nusu na maji, yaani ubaki na gramu 25 kwa lita, na umwagie shinani kwa kopo lenye matundu madogo, kati ya saa 12 na saa 1 asubuhi, udongo wa juu ukiwa umekauka kidogo. Rudia baada ya siku 5, kisha mara ya tatu siku 5 nyingine. Wakati wa mvua mfululizo usirudie kwenye udongo uliolowa chapachapa. Utakuwa unaongeza maji kwenye ugonjwa wa maji. Funika kitalu kwa nailoni juu ya vichanja, pande zote ziwe wazi, usubiri kikauke.

Kwa nini tusiongeze vitunguu ili dawa iwe kali zaidi? Kwa sababu ukali huo haubagui. Maji mazito ya kitunguu saumu huzuia mbegu kuota na huunguza ncha za mizizi michanga. Kila unapobadilisha aina ya zao au aina ya kitunguu, jaribu kwenye miche 10 kwanza na ungoje siku mbili. Kingo za majani zikigeuka za njano au mche ukajikunja, zimua tena.

Yasiyo na kazi kubwa, na yenye hatari

Mwarobaini tunauheshimu wote, lakini sifa yake imetokana zaidi na wadudu. Dhidi ya vimelea vya kinyausi nguvu yake ni ya wastani. Faida yake kitaluni inapitia mlango mwingine: kuna inzi wadogo weusi wanaorukaruka juu ya udongo wenye unyevu na mboji, na viluwiluwi vyao hutafuna vijizizi, wakifungua vidonda na kusambaza Pythium. Mwarobaini huwapunguza hao. Twanga gramu 100 za majani mabichi kwa lita moja ya maji, loweka usiku kucha kivulini, chuja, mwagia asubuhi. Jua huvunja viambata vyake upesi.

Unga wa mdalasini unaweza kunyunyizwa juu ya udongo wa trei, ukungu mweupe unapoanza kutanda. Kijiko kimoja cha chai kwa trei, kwa chujio la chai, kinatosha. Huishia juu juu tu, haufiki kwenye mizizi. Mafuta ya karafuu tunawasihi wakulima wasiyaguse kwa miche. Yanaua ukungu kweli, ila yanaunguza jani changa kiasi kwamba kwingineko hutumika kuua magugu.

Tumbaku isikaribie kitalu cha nyanya, hoho, pilipili wala bilinganya. Sumu yake ni kali kwa anayeitengeneza, hupenya hata kwenye ngozi, na majani yake hubeba virusi vya batobato vinavyoambukiza nyanya na pilipili kwa kuguswa tu. Hata mvuta sigara anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika miche. Utupa na pilipili kichaa ni dawa za wadudu. Kuvitia kwenye pipa moja na kitunguu saumu, mlonge na majivu, kama wengi wanavyofanya, kunaleta mchanganyiko ambao hakuna anayejua nguvu yake, na majivu yakizidi hubadilisha uchachu wa udongo. Tumia mmea mmoja kwa wakati ili ujue kilichofanya kazi.

Mbegu nazo

Bakajani tangulia, ugonjwa wa madoa ya majani ya nyanya, na baadhi ya vimelea vingine husafiri ndani ya mbegu. Kwa mbegu ulizokamua mwenyewe, maji ya moto hufanya kazi bora kuliko dawa yoyote ya mmea: nyuzi 50 kwa dakika 25, kwa nyanya, bilinganya na kabichi. Bila kipimajoto usijaribu, kwani nyuzi mbili tatu juu zinaua kiini. Chupa ya chai husaidia sana. Ioshe kwa maji ya moto ili ipate joto, jaza maji ya nyuzi 51, tumbukiza mbegu zikiwa kwenye kitambaa chepesi kilichofungwa, funga kifuniko, pima katikati ya muda. Baadaye zitie kwenye maji baridi, zianike kivulini. Mbegu za dukani zenye rangi nyekundu, ya kijani au ya bluu zimeshapakwa dawa, ziache.

Anayetaka kutumia kitunguu saumu kwa mbegu apunguze hadi gramu 20 kwa lita na azichovye dakika 30 tu. Kabla ya kuchovya mfuko mzima, chovya mbegu 50, nyingine 50 zichovye maji matupu, zote ziweke kwenye kitambaa kibichi. Zilizochovywa dawa zikiota pungufu kwa zaidi ya mbegu tano, dawa ni kali mno.

Dawa isipofanya kazi

Mara nyingi sababu ni umri. Kwa joto letu maji ya kitunguu au mlonge yaliyotengenezwa asubuhi yanaanza kuchacha kesho yake. Yakitoa povu na harufu ya pombe, yamekuwa chakula cha ukungu, yamwage mbali na kitalu. Sababu ya pili ni maji yenyewe. Paka sabuni ya mche mikononi na unawe kwa maji unayokusudia kutumia. Kama haitoi povu, maji hayo ni magumu au ya chumvi, tafuta ya bomba au ya mvua. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi usiku mzima, harufu ya klorini iishe. Sabuni haihitajiki kwenye dawa ya kumwagia. Inafaa kwa ya kupulizia majani tu, kijiko cha chai cha sabuni ya mche iliyoyeyushwa kwa lita tano, na sabuni ya unga ya kufulia isitumike kabisa kwa sababu huunguza.

Sababu ya tatu ni kuchelewa. Ukiona duara la miche iliyolala, usimwage dawa katikati yake. Ng'oa hiyo yote pamoja na iliyo hai inayoizunguka kwa upana wa vidole vinne, ondoa na udongo wake, vifunge kwenye mfuko. Kisha mwagia iliyobaki na upunguze kumwagilia. Kwenye trei, toa mashimo yote yanayopakana. Ugonjwa ukitokea upya sehemu tatu nne tofauti ndani ya siku mbili, dawa ya mmea imezidiwa. Hapo nenda kwa afisa ugani wa kata na mche kwenye mfuko, uulizie dawa iliyosajiliwa. Metalaksili inamfaa Pythium, lakini haimzuii Rhizoctonia, ndiyo sababu ile kazi ya kuvua ngozi ya mzizi ina thamani. Fuata kipimo cha kwenye kibandiko, na usiichanganye na maji ya majani.

Katika kila msimu acha mstari mmoja, au safu mbili za trei, unaomwagiwa maji matupu kwa kiasi kile kile na saa ile ile. Hesabu mbegu ulizosia, zilizoota, na miche iliyosimama siku ya 14, uandike kwenye daftari. Bila mstari huo huwezi kujua kama miche imepona kwa mlonge au kwa sababu wiki ile mvua haikunyesha.

Miche ikipata majani mawili halisi, yaani yanayofuata yale mawili ya kwanza, na shina likaanza kukakamaa, acha dawa. Hatari kubwa imepita, na kuendelea kumwagia kunalowesha udongo bure. Baada ya kuhamishia shambani, sugua trei kwa brashi hadi mizizi yote itoke kwenye mashimo, maana humo ndimo vimelea hulala hadi msimu ujao. Ziloweke dakika 30 kwenye jiki, sehemu moja kwa tisa za maji, suuza mara mbili na uzianike juani. Trei ambayo bado inanuka jiki isitiwe udongo.